Habari ya Zizini Ifike Zahanati Mapema

Hotuba kwa wafugaji, wachinjaji, watendaji wa vijiji na watumishi wa afya na mifugo, Bahi, mkoani Dodoma, kabla ya msimu wa mvua

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, wataalamu wenzangu wa afya na mifugo, watendaji wa vijiji, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wachungaji mliowaachia wadogo zenu mifugo mkaja kutusikiliza: mbukwenyi!

Itifaki imezingatiwa. Jua linapanda na wengine mmetoka mbali, kwa hiyo niingie kwenye jambo lenyewe.

Mimi ni daktari wa mifugo. Najua wapo wanaojiuliza: mkutano unahusu homa za virusi zinazosababisha kutoka damu, mbona anatangulia mtu wa ng'ombe, na daktari wa watu amekaa anasubiri zamu yake? Niliomba mwenyewe nitangulie, na mganga mkuu wa wilaya akaniridhia. Hapa kwetu kanda ya kati, homa tuliyowahi kuzika watu kwa ajili yake, Homa ya Bonde la Ufa, huanzia zizini. Siku mgonjwa anapofikishwa zahanati amebebwa kwenye bodaboda, hajitambui, mara nyingi kondoo walishaanza kutupa mimba siku nyingi nyuma, na yupo mtu aliyewaona. Leo nataka tumzungumzie huyo mtu. Alimwambia nani? Na kama hakumwambia yeyote, nini kilimfunga mdomo?

Wenye umri wa kutosha mnaukumbuka mwaka 2007. Mwishoni mwa 2006 mvua za El Niño zilikuwa zimeifurisha Afrika Mashariki. Kenya ikathibitisha wagonjwa wa Homa ya Bonde la Ufa mwezi Desemba, huko Garissa. Januari 2007 ugonjwa ukaonekana kwa watu katika wilaya zetu za kaskazini, kisha ukaingia huku. Hadi unakwisha mwezi Juni, watu 511 walikuwa wameorodheshwa kuwa wanashukiwa kuugua, kutoka mikoa 10 kati ya 21 ya Tanzania Bara iliyokuwapo wakati ule. Maabara ilithibitisha 186. Waliofariki ni 144. Dodoma yetu hii ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia kuliko yote.

Kwa upande wa mifugo, nchi nzima ilipoteza ng'ombe karibu 17,000, mbuzi zaidi ya 20,000 na kondoo zaidi ya 12,000, mbali na waliotupa mimba, ambao idadi yao haikupishana sana na ya waliokufa. Mfugaji anajua maana ya hesabu hiyo. Kondoo akitupa mimba mwaka huu, pengo lake utaliona kundini mwaka kesho na mwaka keshokutwa.

Tuanze na udongo. Virusi hivi vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931, watu walipokuwa wanachunguza kondoo waliokufa kwa wingi kwenye shamba moja la Bonde la Ufa nchini Kenya. Miaka mingi baadaye tukaelewa vinajificha wapi wakati wa kiangazi. Wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa mabonde na mbuga zinazojaa maji. Mbu jike mwenye virusi anaweza kuvirithisha kwenye mayai yake. Maji yakikauka mayai hayafi. Yanakaa ardhini mwaka, hata miaka kadhaa, kama mbegu ya mlenda pori inavyosubiri mvua. Mwaka wa mvua za kawaida wanaanguliwa wachache. Mwaka ambao Mto Bubu unafurika na mbuga ya Bahi inajaa wiki nyingi mfululizo, wanaanguliwa kwa wingi mno na kuanza kuuma mifugo. Kisha mbu wa aina nyingine, hasa hawa wa Culex tunaoishi nao majumbani, wanachukua virusi kwenye damu ya mnyama mgonjwa na kuvisambaza kwa wengine.

Ndiyo maana milipuko inakuja kwa kuruka miaka. Tulikuwa nayo 1977, tukawa nayo 1997 kuingia 1998, ikaja hiyo ya 2006 kuingia 2007. Hapo katikati watu wanasahau, na si kosa lao. Kijana aliyezaliwa mwaka 2007 leo ndiye anayechunga kundi la baba yake, na hajawahi kuuona ugonjwa huu kwa macho. Maafisa ugani wengi waliopo hapa walikuwa shule ya msingi. Kumbukumbu tuliyonayo imebaki kwa wazee na kwenye mafaili, na faili halipigi simu.

Kila mwaka, kabla ya mvua zetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa kama yetu inayopata msimu mmoja tu. Tunausikiliza kwa ajili ya mtama na uwele. Naomba tuanze kuusikiliza kwa ajili ya kondoo pia. Utabiri ukisema mvua zitakuwa juu ya wastani, siku hiyohiyo ofisi ya mifugo ya wilaya inapaswa kujua ina dozi ngapi za chanjo, ina sindano ngapi, na vijiji gani vya kandokando ya mbuga vianze. Mnyama anahitaji muda wa kujenga kinga baada ya kuchanjwa, tuseme wiki mbili hivi. Ukimchanja maji yakiwa yameshajaa na mbu wameshatoka, umechelewa. Tena ugonjwa ukishaingia kundini, chanjo ile uliyoileta kuokoa inaweza kueneza: sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama, inabeba damu ya mgonjwa na kuipeleka kwa mzima. Na ipo chanjo hai ya zamani inayoweza kumtupisha mimba mnyama mwenye mimba. Kwa hiyo msinunue chupa ya chanjo mnadani mkaenda kuchoma wenyewe. Mwiteni mtaalamu.

Sasa naomba tuingie zizini, taratibu, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Ni alfajiri. Kondoo anahangaika, analala, anainuka, anageukia mkia wake. Anayemwona kwanza ni mama mwenye nyumba, kwa sababu ndiye aliyeamka kukamua. Anapiga magoti, anaingiza mkono, anavuta. Mwanakondoo anatoka amekufa, amelegea, na kondo la nyuma linatoka nusu. Analivuta nalo. Maji na damu vinamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Anajifuta kwa majani makavu, kisha kwa upindo wa kitenge chake. Kile kitoto kilichokufa anawatupia mbwa. Halafu anasogea kwa mbuzi na kuendelea kukamua, na mkononi ana mikwaruzo ya kuni alizokata jana.

Mama huyu hajafanya jambo baya kwa desturi yetu. Amemsaidia mnyama wake, kama mama yake alivyomfundisha. Lakini ikiwa kondoo yule ametupa mimba kwa Homa ya Bonde la Ufa, basi ndani ya boma zima hakuna kitu chenye virusi vingi kuliko maji yale ya uzazi, damu ile na kondo lile. Watu wengi wanadhani ugonjwa huu unaletwa na mbu peke yake. Mbu anaambukiza, ni kweli, lakini wengi wetu tunaambukizwa na mikono yetu: kuzalisha, kuchinja, kuchuna, kukatakata nyama mbichi, kushika mzoga. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulionyesha hivyo kwa wagonjwa wa hapa nchini. Kugusa mnyama mgonjwa, damu yake, nyama yake na maziwa yake ndiko kulikowaweka watu hatarini.

Kwa hiyo mama zangu, mnyama anayetupa mimba msimsogelee mikono mitupu. Glavu nitawaambia mtazipata wapi. Zikikosekana, vaeni mikononi mifuko mizima isiyotoboka, na ukimaliza osha mikono hadi juu ya kiwiko kwa sabuni na maji mengi. Mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa. Kuna uchunguzi kutoka Sudan ulioihusisha homa hii na kuharibika kwa mimba za akina mama. Kitoto kilichotoka na kondo lake vizikwe kwenye shimo refu, vimwagiwe chokaa, juu pawekwe miiba mbwa wasifukue. Mtoto asiitwe kushika miguu ya mnyama.

Na lini umpigie simu afisa mifugo? Kondoo mmoja kutupa mimba ni jambo la kawaida. Anaweza kuwa amepigwa pembe, au ana ugonjwa mwingine wa kutupa mimba, nao upo mwingi. Lakini wakitupa watatu, wanne, ndani ya siku chache, na hapohapo wanakondoo wachanga wanakufa siku moja au mbili baada ya kuzaliwa, usingoje wa tano. Homa hii ikiingia kwenye kundi la kondoo wenye mimba, karibu wote hutupa, na wachanga hufa zaidi ya tisa katika kila kumi. Hakuna ugonjwa mwingine wa hapa kwetu unaofanya hivyo kwa kasi ile baada ya mafuriko. Ukiona hivyo, piga simu hata kama ni Jumapili.

Maziwa yachemshwe mpaka yatokote. Nalisema kwa heshima mbele ya wazee wangu wanaopenda maziwa mabichi, na sitalipunguza. Kuhusu nyama, nataka nieleweke vizuri, maana mwaka 2007 watu walisusa nyama hata ile isiyo na tatizo, na wachinjaji wakafunga mabanda. Nyama ya mnyama mzima, aliyekaguliwa na kupigwa muhuri, ikapikwa ikaiva, haina shida. Hatari kubwa iko nyuma ya jiko: kwa aliyemchinja, aliyemchuna na aliyeosha utumbo. Na hapa niwageukie wachinjaji. Kuna ng'ombe anayeletwa usiku, anauzwa bei ya kutupwa, hawezi kusimama. Kuna kibudu kinachochunwa porini, nyama yake inaingia sokoni alfajiri kabla mkaguzi hajafika. Mnamjua anayefanya hivyo. Faida anayoipata ni ya siku moja, na mikono inayoingia kwenye damu ile ni ya vijana wenu mnaowalipa ujira mdogo kwa kichwa.

Sasa niseme lililo gumu, ambalo kwenye mikutano yetu huwa tunalipita juu juu.

Mfugaji ameona. Ana kondoo kumi wametupa mimba wiki hii. Anajua si kawaida. Kwa nini hasemi? Kwa sababu akisema, mnada utafungwa. Mvua zetu zinaanza Desemba, shule zinafunguliwa Januari, na fedha ya sare, madaftari na michango ya chakula cha shule inatoka kwa beberu mmoja anayepelekwa mnadani. Mwenyekiti wa kijiji naye anafikiri hivyohivyo, maana ushuru wa mnada ndio unaoendesha shughuli zake. Na afisa ugani kijana, ambaye pikipiki yake haina mafuta, anafikiri akipeleka taarifa ya uongo atachekwa, na akipeleka ya kweli atachukiwa. Basi watu watatu wanajua, na wote watatu wananyamaza, kila mmoja ana sababu yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliye mtu mbaya.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, lakini sitaki tuishie kumlaumu mfichaji. Nataka tufanye kusema kuwe rahisi kuliko kunyamaza.

Taarifa ikija mapema, ugonjwa ukiwa kwenye maboma mawili ya kijiji kimoja, tunaweza kuzuia mifugo ya kijiji hicho isitoke, tukachukua sampuli, tukapulizia dawa ya mbu kwenye mazizi, tukawaogesha au kuwamwagia mgongoni dawa ya kufukuza wadudu, na minada mingine ikaendelea chini ya ukaguzi. Taarifa ikichelewa hadi watu wameanza kufa, hatuna tena nafasi ya kuchagua. Inafungwa minada ya mkoa, wanunuzi wa mikoani wanasitisha, bei inaanguka hata kwa yule ambaye mifugo yake haijaguswa. Anayenyamaza ili kuuokoa mnada wake wa wiki hii anaifungisha minada ya wenzake kwa miezi.

Na serikali ya wilaya ina deni lake katika jambo hili. Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba ulichukue kwa uzito. Hatuwezi kumwambia mfugaji atoe taarifa, kisha tukamjibu kwa polisi na utepe peke yake. Kijiji kikifungwa, mkuu wa shule ajue wanafunzi wa kijiji hicho wasirudishwe nyumbani kwa ajili ya michango. Chokaa, glavu na dawa ya kunyunyizia vinunuliwe Septemba na Oktoba, barabara zikiwa kavu, visitafutwe Februari gari likiwa limekwama kwenye tope. Afisa ugani awe na mafuta. Na yule aliyetoa taarifa, hata ikionekana baadaye ilikuwa ugonjwa mwingine, ashukuriwe mbele ya watu kwenye mkutano wa kijiji. Taarifa kumi za kondoo zisizo na Homa ya Bonde la Ufa zina gharama ndogo sana ukilinganisha na moja tuliyoikosa.

Naja kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Mimi si daktari wa watu, na mganga mkuu atanisahihisha nikipotoka, lakini kuna jambo moja kutoka 2007 linaloninyima usingizi. Walipochambuliwa wagonjwa 309, wale waliothibitishwa pamoja na wale waliokuwa na uwezekano mkubwa, 169 kati yao walikutwa pia na vimelea vya malaria kwenye damu. Zaidi ya nusu! Fikiria inavyokuwa siku ya mvua, foleni ndefu, muuguzi mmoja. Mgonjwa ana homa, kichwa, viungo vinauma. Kipimo cha malaria kinasoma chanya. Anapewa mseto, anarudi nyumbani. Hakuna mtu anayeweza kumlaumu muuguzi yule, kipimo hakikudanganya. Lakini malaria kuwapo hakumaanishi kwamba ndiyo peke yake iliyopo.

Kwa hiyo msimu wa mvua ukizidi, kila mwenye homa aulizwe maswali mafupi, hata kama kipimo cha malaria ni chanya. Unafuga au unaishi na wanaofuga? Mifugo yenu au ya jirani imetupa mimba au imekufa hivi karibuni? Umechinja, umechuna, umezalisha mnyama au umekunywa maziwa mabichi ndani ya wiki hii? Akijibu ndiyo, piga simu mbili: moja kwa mratibu wa magonjwa wa wilaya, moja kwa afisa mifugo wa kata. Ile simu ya pili huwa inasahaulika.

Na tusingoje damu. Kati ya wagonjwa walioshukiwa mwaka 2007, wote walikuwa na homa, asilimia 89 walikuwa na dalili za ubongo, yaani kuchanganyikiwa, kuweweseka, kupoteza fahamu, na ni asilimia 10 tu waliotoka damu. Kuna familia zilizodhani mgonjwa wao amerogwa au ameingiwa na pepo, kumbe ni homa ya kutoka zizini. Wazee na waganga wetu wa jadi mliopo hapa, mgonjwa wa namna hiyo msimu wa mafuriko akifikishwa kwenu, mleteni kwetu, na msimchanje chale. Wengine macho huingia ukungu wiki moja hadi tatu baada ya dalili za kwanza. Nao waulizwe maswali yaleyale. Wanaoishi na VVU waangaliwe kwa namna ya pekee: katika wagonjwa 20 wa aina hiyo waliofuatiliwa, 15 walifariki.

Wengi wanaoambukizwa Homa ya Bonde la Ufa hupata homa ya kawaida na kupona, na hilo liwape moyo. Wanaofikia kutoka damu ni chini ya mmoja katika mia, ila kati yao karibu nusu hufariki. Dawa mahususi haijapatikana, wala hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu, lakini huduma ya mapema inaokoa: maji ya kutosha kwa mdomo au kwa dripu, parasetamoli kwa homa, na uangalizi wa karibu. Aspirini na diklofenaki ziepukwe kwa mgonjwa anayeshukiwa, zinaongeza kutoka damu. Sindano za msuli nazo. Nalisema hili kwa wenye maduka ya dawa pia, maana kwenu ndiko mgonjwa anakopita kwanza.

Mheshimiwa, nimekaa sana zizini. Lakini Dodoma ya leo si ile ya 2007, na barabara hii inayopita hapa Bahi si ya kwetu peke yetu. Malori yanatoka bandarini Dar es Salaam, yanapita Dodoma, yanashika njia ya Singida kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Mabasi ya Kanda ya Ziwa yanapita usiku na mchana. Treni ya mwendokasi inaleta watu Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu 2024. Ndiyo maana hatuwezi kuzungumzia Homa ya Bonde la Ufa na kuiacha Marburg, homa nyingine ya virusi inayosababisha kutoka damu.

Machi 2023 Marburg ilithibitishwa nchini kwetu kwa mara ya kwanza, Bukoba. Watu tisa waliugua, sita wakafa, na mmoja wa waliofariki alikuwa mtumishi wa afya. Mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ukaja mwingine, Biharamulo. Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliutangaza akiwa hapahapa Dodoma, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Walihesabiwa wagonjwa 10, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi ukatangazwa kwisha.

Marburg ina tabia tofauti, na mtu asizichanganye. Homa ya Bonde la Ufa haijaonekana ikipita kutoka mtu hadi mtu. Marburg, kama Ebola, ikishatoka kwa popo anayekula matunda ikaingia kwa binadamu, inapita kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na maiti inaambukiza sana. Haipiti hewani kwa kukaa na mtu kwenye basi moja. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21, na ndiyo sababu aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21. Mlipuko hauhesabiwi umekwisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya.

Watu wengi wanaamini ukipata Marburg umekufa. Rwanda mwaka 2024 walipata wagonjwa 66, wengi wao watumishi wa afya, na waliofariki ni 15. Yaani zaidi ya robo tatu walipona, kwa ugonjwa ambao kwingine umeua karibu kila aliyeupata. Waligundua haraka, wakawaweka wagonjwa mahali pamoja penye wataalamu na vifaa, wakawahudumia mapema. Anayemficha ndugu yake chumbani kwa kuamini hakuna msaada anamnyima nafasi hiyo.

Kuhusu wanaofuatiliwa siku 21, niwaombe watendaji. Mtu huyo si mfungwa. Ana watoto, ana shamba ambalo magugu yanaota. Akikosa maji na unga nyumbani atatoka tu, hata ukimwekea mgambo mlangoni. Kijiji kijue mapema nani atamchotea maji na nani atampalilia.

Na kuhusu mazishi, viongozi wetu wa dini mna kazi ambayo mimi wala mganga mkuu hatuiwezi. Maiti ya aliyekufa kwa Marburg au Ebola haioshwi na familia. Inauma, najua. Lakini mazishi salama si mazishi ya kudharau. Kwa ndugu zetu Waislamu, tayamamu inaweza kufanywa maiti ikiwa ndani ya mfuko, kisha swala ikaswaliwa. Kwa Wakristo, padri au mchungaji anaongoza ibada waumini wakiwa wamesimama kwa umbali. Familia inachagua mahali pa kaburi, inasema sanda au nguo gani iwekwe, inashuhudia. Naomba kila msikiti na kila kanisa la hapa lizungumze na waumini wake jambo hili sasa, wakati hakuna msiba, kwa sababu siku ya msiba hakuna anayeweza kusikiliza jambo jipya.

Nimalizie kwa yanayotakiwa kufanyika kabla ya mvua ya kwanza. Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata iandikwe kwa rangi kwenye mlango wa zahanati, na namba ya mganga mfawidhi iandikwe kwenye ukuta wa josho na wa banda la machinjio. Wote mnajua namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199. Aliye na kitochi bila salio anaweza kuipiga. Kila kata iwe na boksi la glavu na mfuko wa chokaa kwa mtendaji, na akina mama wakamuaji wawe wa kwanza kupewa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maafisa ugani wakutane kila Ijumaa ya msimu wa mvua, hata chini ya mti, waulizane: huko kwako nani ana homa, huko kwako nini kimekufa.

Bwana afya ameshatayarisha ndoo zake mbili, ya sabuni na ya klorini. Atatuonyesha namna ya kuvua glavu zenye damu bila damu hiyo kugusa ngozi, kisha kila mmoja atajaribu mwenyewe, tukianza na mama zangu waliokaa mbele. Bwana afya, karibu. Asanteni kwa kunisikiliza.